Khala Shamshad na Vijidudu Visivyosikia Dawa

Mtaani kwetu, Hyderabad ya Sindh, nchini Pakistan, mwanamke aliyetaka bangili za kioo zimwingie bila kuvunjika alimfuata Khala Shamshad. Si kwamba wauzaji walikuwa haba. Mji wetu unaishi kwa bangili: nyumba hii wanaunganisha ncha kwa moto, ile wanapaka rangi ya dhahabu, ile nyingine wanazifunga dazeni dazeni kwa uzi. Lakini kuvisha ni ufundi wa peke yake. Khala aliushika mkono wako akikuuliza habari za mama yako, na kabla hujamaliza kujibu, kidole gumba kilishakunjwa ndani ya kiganja, kifundo kimeminywa, bangili imepita. Ikitokea kioo kimevunjika, aliona haya yeye, si mteja.

Nilimwita Khala, mama mdogo, ingawa hatukuwa na damu moja. Alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mume wake, aliyekuwa akifanya kazi kwenye tanuri la kioo, alifariki Khala akiwa na miaka thelathini na minne. Miezi michache baada ya msiba yakamtoka mabaka ya kwanza: mekundu, kwenye viwiko, yenye magamba meupe yanayopukutika kama unga. Yakapanda kichwani, yakashuka kwenye migongo ya mikono. Kwetu ugonjwa huo tunauita chambal. Hospitalini wanauita soriasisi. Hauambukizi. Ni mwili wenyewe unaotengeneza ngozi mbiombio, mpya inafika wakati ya zamani haijaondoka. Lakini wakati ule nani alikuwa na habari hizo? Mimi nilikuwa mtoto wa shule, na nilichojua ni kwamba wanawake fulani walianza kumpa Khala mkono huku wakitazama pembeni.

Mwenye duka la dawa lililotazamana na kibanda chake pale sokoni aliitwa Feroz. Aliwahi kufunga vidonda katika zahanati moja, basi, lakini soko zima lilimwita Daktari na yeye aliitika. Hakuwa mtu mbaya, niliseme hilo mapema. Alikuwa na sauti ya upole na hakuchoka kusikiliza. Alimpa Khala kikopo cheupe kisicho na maandishi.

"Paka asubuhi na jioni, dada Shamshad. Wiki moja tu, utakuja kunishukuru."

Na kweli, wiki ile ile ngozi ilitulia. Khala alimsifia Feroz kwa kila aliyeshika mkono wake. Baadaye kabisa ndipo tulipojua kwamba kikoponi mlikuwa na dawa tatu zilizokorogwa pamoja: steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki. Akipaka, mabaka yanalala. Akiacha, yanaamka na hasira. Kwa hiyo hakuacha. Alipaka miaka tisa, mpaka ngozi ya mikono ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, inachanika kwa kujikuna tu.

Mchaniko ukiingia usaha, Feroz alitoa kapsuli za siku tatu, au sindano. Kidonda kikikauka, Khala aliziweka zilizobaki kwenye kopo la biskuti, akiba ya safari nyingine. Jirani akiumwa jino au sikio, alikwenda kuomba mbili tatu. Mama yangu alinipa dawa ya kikohozi kutoka kopo lile lile. Nayasema haya ili ieleweke kwamba Feroz hakuwa peke yake.

Mimi nilikua, nikasomea kazi ya maabara, nikaajiriwa katika hospitali ya serikali kwenye chumba cha kuotesha vijidudu. Huko nilikuwa nikiona kila siku dawa zinavyoshindwa. Halafu narudi nyumbani, napita mbele ya duka la Feroz, namsalimu, sisemi neno. Sikutaka ugomvi na watu walioniona nikizaliwa.

Mwaka aliotimiza arobaini na mitatu, katikati ya joto la Juni, Khala alitoka kidonda kwenye kiwiko cha kushoto, kisha viwili kwenye muundi wa mguu. Usaha wa njano, harufu, homa. Feroz alimpa vidonge vyeupe. Vikashindwa. Akampa kapsuli za rangi nyekundu na njano. Zikashindwa. Akamchoma sindano siku saba mfululizo. Khala akazidi kuungua.

Siku ya nane alinifuata kazini, amejifunga mtandio usoni, mguu anauburuta.

"Rubab," aliniita mlangoni, "si wewe unayeotesha vijidudu?"

"Ndiyo, Khala. Mbona umekuja kwa miguu na hali hii?"

"Otesha na vyangu. Nataka kuwaona hawa wageni wanaokula siku zote na hawashibi."

"Lazima daktari aandike kwanza."

"Daktari yupi? Feroz?"

"Wa hospitali. Wa ngozi. Ila foleni yake ni ndefu."

"Foleni ya Feroz nimekaa miaka tisa. Ya huyu itanishinda?"

Daktari wa ngozi alikuwa Mahjabeen, binti mwembamba, mkubwa kwangu kidogo tu kwa umri, asiye na muda wa kubembeleza. Alivitazama vidonda, akaitazama ngozi iliyovizunguka, akauliza, "Unapaka nini?"

Khala akakitoa kikopo kwenye mkoba, akakiweka mezani. Daktari alikinusa, uso ukamkunjamana.

"Mama, aliyekupa hiki unaweza kumtaja?"

"Nikutajie tu? Nitakupeleka mpaka mlangoni kwake."

Usaha ulichukuliwa kwa pamba, nikaupanda mwenyewe. Siku iliyofuata vijidudu vilikuwa vimeota. Nikavipandikiza kwenye sahani nyingine, nikavipangia juu yake vipande vinane vya karatasi, kila kimoja na dawa yake. Dawa inayofanya kazi huacha duara safi kuzunguka karatasi, pale kijidudu hakithubutu kuota. Asubuhi yake niliposhika ile sahani, vipande vitano havikuwa na duara lolote. Bakteria walikuwa wameota mpaka ukingoni mwa karatasi. Katika hizo tano zilikuwamo dawa zote tatu ambazo Feroz alimpa siku zile: vidonge, kapsuli na sindano.

Hairuhusiwi, lakini nilimwita Khala nikamwonyesha sahani nyuma ya kioo.

"Hawa ndio wangu?"

"Ndio."

"Na karatasi hizi ndizo dawa?"

"Hii ndiyo ile nyekundu na njano. Hii hapa ndiyo sindano."

Alitazama muda mrefu, pua karibu iguse kioo. "Wameilalia kama godoro," alisema. Kisha akanigeukia. "Nani amewafundisha ujeuri huu?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema jambo la upole, likanipotea. "Sisi, Khala. Kila ulipoacha dozi njiani walikufa wale dhaifu, wakabaki wale sugu, wakazaana. Na ile iliyo kwenye kikopo ulikuwa ukiwaonjesha kila siku, asubuhi na jioni, mpaka wakaizoea."

"Sisi nani?"

"Feroz. Wewe. Mama yangu na lile kopo la biskuti. Na mimi niliyekuwa najua nikanyamaza."

Nilidhani atanizaba kibao. Alivuta mtandio wake, akaufunga upya.

"Haya," alisema. "Wamesoma vya kutosha. Leo shule imefungwa."

Dawa zilizobaki na nguvu zilikuwa tatu, mojawapo kapsuli ya zamani ambayo Feroz hakuwahi kuijali. Daktari Mahjabeen alimwandikia hiyo, siku kumi, asiache hata moja. Vidonda vifunikwe. Na mpaka vikauke, asishike mkono wa mteja. Kuhusu kikopo alisema wazi: atakipunguza kwa dawa nyepesi zaidi, lakini ngozi iliyozoea steroidi kali miaka tisa italipiza kisasi, na kisasi chenyewe hakitakuwa kidogo.

Khala alikwenda sokoni mchana kweupe, akafunika kibanda kwa shuka, akasimama mbele yake akapaza sauti. "Nisikilizeni! Chambal haiambukizi, nimesema na nitasema mpaka naingia kaburini. Lakini usaha huu unaambukiza. Kwa hiyo nafunga mwenyewe, asije mtu akasema alinifungia!"

Kwa watu wa soko, mtu kukiri jambo kama hilo hadharani kulikuwa kichekesho, na wapo waliocheka. Khala alikwenda nyumbani akameza kapsuli yake.

Siku ya nane vidonda vilikauka. Alimaliza siku zote kumi, na kopo la biskuti akaniletea nilipeleke hospitalini likaharibiwe na vilivyomo. Tukafurahi, mapema mno. Wiki iliyofuata ngozi ililipuka. Akawa mwekundu kuanzia utosini hadi nyayoni, anatetemeka kwa baridi ndani ya joto lililotufanya sisi tumwage maji sakafuni ili tulale. Magamba yalijaa shuka kiasi kwamba yalikung'utwa mara tatu kwa siku. Akalazwa. Mtaani maneno yakawa yale yale kila mlango: mnaona, kwa Feroz alikuwa mzima, hospitali imemharibu.

Siku ya nne wodini, saa ya kutazama wagonjwa, Feroz mwenyewe akaja. Alibeba maembe kwenye mfuko, akasimama upande wa miguuni mwa kitanda, na alipomwona Khala machozi yalimlengalenga. Hakuwa akiigiza. Nilikuwapo.

"Dada Shamshad, siwezi kukuona hivi." Akatoa kikopo mfukoni. "Paka leo. Leo tu. Kesho utaamka kama zamani."

Na lililokuwa gumu ni kwamba alisema kweli. Kesho yake angeamka kama zamani. Nikauona mkono wa Khala ukitoka chini ya shuka, mwekundu, umevimba. Ukakichukua kikopo.

"Mna nini humu, Feroz?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita bila Daktari.

"Dawa, dada."

"Jina lake."

"Ni mchanganyiko. Wanaukoroga wenyewe huko Karachi, mimi naletewa tu."

"Kwa hiyo hujui."

"Miaka tisa nimekutunza!"

"Miaka tisa umenipaka kitu usichokijua."

"Na wewe ndiye uliyekuwa ukinidai ile kali!" Sauti ya upole ilikuwa imemtoka. "Kila wiki! Feroz niongezee, Feroz hii haifai, nipe ile ya haraka! Leo mimi ndiye mbaya?"

Bibi wa kitanda cha pembeni, aliyekuwa akikoroma, aliamka.

"Kweli," Khala alisema. "Nilikudai. Mimi nilikuwa sijui, wewe hujui, tukaongozana. Sasa mimi nimeshuka hapa." Akamrudishia kikopo. "Maembe acha. Hiki ondoka nacho."

Feroz alipoondoka, Khala aligeukia ukutani akaanza kulia, kilio cha maumivu, si cha huzuni. Nikamlowekea kitambaa nikamwekea mgongoni. "Rubab," alisema bila kugeuka, "sijawahi kutaka chakula kama nilivyokitaka kile kikopo."

Alilala siku kumi na moja. Alipotoka alikuwa na vidonge vidogo vya kumeza siku moja tu kwa wiki, Ijumaa, na amri ya kuja kupimwa damu kila mwezi. Ngozi ilitulia polepole, kwa majuma. Mabaka hayakuisha. Yalibaki viwikoni na kwenye mikono, makavu, ya waridi, yenye magamba machache. Khala alifungua kibanda, akakunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko, akaketi.

"Shusha basi, Khala," nilimwambia. "Utafukuza watu."

"Nimeficha miaka tisa, nimepata faida gani? Anayetaka bangili ataona."

Majira ya baridi ya mwaka ule niliolewa. Wanawake wa pande zote mbili walijaa chumbani kwetu, Khala akaingia na kikapu chake, na mama mkwe wangu mtarajiwa, Bibi Qudsia, akamtazama mikono.

"Hakuna mwingine wa kuvisha?" aliuliza, akimwuliza mama yangu, kana kwamba Khala ni kiti.

Khala ndiye aliyejibu. "Wapo, bibi. Wapo wengi sana. Na wanavunja."

Wasichana wakacheka. Bibi Qudsia hakucheka. "Siku ya heri hii, jamani. Mikono ile… simsemi vibaya."

"Unanisema, na si vibaya kunisema, nipo hapa." Khala aliinyosha mikono yote miwili katikati ya chumba, kila mtu aone. "Haya ni magamba, bibi, si dhambi. Hayahami kutoka kwangu kuja kwako. Nilipokuwa na kidonda chenye usaha nilijifungia mwenyewe, uliza soko zima. Leo sina. Nitamvisha mtoto huyu niliyemwona akitambaa, au nitabeba kikapu changu niende. Chagueni, ila msininong'oneze."

Mama yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nikajua kwamba wote wanangoja mimi ninyamaze, kwa sababu nilikuwa hodari wa kunyamaza.

"Nivishe, Khala," nilisema, nikampa mkono.

Dazeni mbili kila mkono, nyekundu na kijani. Hakuna iliyovunjika. Bibi Qudsia alitoka nje kunywa chai na hakurudi mpaka tulipomaliza. Mpaka leo Khala hajamvisha, na mpaka leo hatulizungumzi jambo hilo. Mume wangu husema nimwache mama yake. Nimemwacha.

Vita vya sokoni vilikuja baadaye. Kibanda cha Khala kilitazamana na duka la Feroz, na kila mtu aliyekwenda kule na kidonda alisikia sauti kutoka ng'ambo: "Mama, umepimwa? Anakupa ya rangi gani? Mwulize jina lake!" Feroz akashitaki kwa wazee wa soko. Wakaja watatu, wakiongozwa na Haji Mubarak muuza vitambaa, mtu mzito, anayechechemea.

"Shamshad," alianza, "shusha mikono ya gauni. Na sauti pia ishushe."

"Nianze na kipi, Haji?"

"Tusitaniane. Wateja wanaogopa."

"Wanaogopa mikono yangu au maneno yangu?"

"Vyote viwili."

"Mikono ni yangu. Maneno nimeyapata kwa kulala hospitalini siku kumi na moja, nayo ni yangu. Nikishusha kimoja leo, kesho mtaniambia nishushe na kibanda." Kisha akainama, akatazama chini ya meza. "Haji, kidonda cha mguu wako kina miezi mingapi sasa?"

Haji aliurudisha mguu nyuma. "Hilo halihusu."

"Una sukari na una kidonda. Feroz amekupa nyeupe, halafu nyekundu na njano. Sasa mko kwenye sindano. Au nimekosea hesabu?"

Wale wenzake wawili wakamtazama Haji mguu. Wakaondoka, na kibanda kikabaki mahali pake. Wiki mbili baadaye nilipokea maabara pamba yenye usaha, na jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la Haji Mubarak. Alikuja mwenyewe kuchukua majibu, akaniambia, "Usimwambie Shamshad." Sikumwambia. Alijua tayari.

Daktari Mahjabeen aliandika barua, wakaguzi wakaja, duka la Feroz likafungwa siku kadhaa, likafunguliwa tena. Nisidanganye kwamba ameongoka. Vikopo vyeupe bado vipo, huviweka chini ya meza. Lakini mtu akitaka sindano, siku hizi Feroz hutazama kwanza ng'ambo ya barabara, kisha huuliza kwa sauti ya kusikika, "Una karatasi ya daktari?" Khala naye amepoteza wateja, wale wasiotaka kuguswa na mikono ile. Amepata wengine, wanaokaa muda mrefu kuliko bangili zinavyohitaji, na wanaopandisha mikono ya nguo zao wenyewe pole pole ili aone.

Sasa ana miaka hamsini na minne. Kila Jumanne hafungui kibanda. Hukaa kwenye benchi la kliniki ya ngozi na mwanamke mmoja au wawili aliowaleta yeye. Mwezi uliopita nilishuka kumpelekea chai, nikamkuta amesimama mlangoni mwa daktari kijana, mgeni, anayejifunza kazi, ambaye alikuwa ameshaanza kumwandikia kapsuli msichana mwenye chambal na usaha shingoni.

"Mama, toka nje," kijana alikuwa akisema. "Mimi ndiye daktari hapa."

"Sijakataa, mwanangu. Umechukua usaha ukapima?"

"Majibu yanachukua siku tatu. Dawa hii huwa inafanya kazi."

"Kwa nani? Mimi hiyo hiyo vijidudu vyangu viliilalia. Huyu hana homa, hatetemeki, siku tatu anaweza kungoja akioshwa na kufunikwa. Nimekosea?"

Kijana alimtazama msichana, akaitazama kalamu yake. Alikuwa mwekundu masikioni. "Hujakosea," alisema mwishowe, kwa shida.

"Basi andika kipimo kwanza," Khala alisema, akavuta kiti akakaa palepale ndani, mikono imekunjuliwa mapajani, magamba na yote. "Sina haraka. Nimekuja kushinda."

Akaandika.